Pamba ni ya nani? Mjadala wa Kirumba

Pamba Jiji ilipopanda Ligi Kuu Aprili 2024, baada ya kusota madaraja ya chini kwa miaka 23, Mwanza nzima ilipiga honi. Honi zilipotulia likaja swali ambalo halijaondoka hadi leo: timu hii ni ya nani? Anayeilea ni Halmashauri ya Jiji, na mipaka ya Jiji ni Nyamagana. Uwanja inaouita nyumbani, CCM Kirumba, uko Ilemela, na mwenye uwanja ni chama. Jina la utani, Wana Kawekamo, linabeba jina la kata iliyoko Ilemela. Na siku Simba au Yanga inapotua, wengi wanaojaza mzunguko hawakuja kuishangilia Pamba.

Nimewaita wasemaji watatu. Hawana majina kwa sababu ni sauti tu, zile zile unazozisikia kwenye daladala ya Airport ukitaja mpira: Mzee wa Kawekamo aliyeiona Pamba ikiwa Pamba, Kijana wa Pasiansi anayeshinda banda umiza akiangalia ligi ya Ujerumani, na Mama anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Mimi nimeshika filimbi, na kama waamuzi wengi wa kwetu, sitaweza kuificha timu ninayoipenda.

MZEE: Mwadila, jamani. Nianze mimi kwa haki ya mvi. Pamba niliyoijua haikuulizwa ni ya nani. Mwaka 1990 ilipotwaa ubingwa wa Muungano, mkulima wa Kwimba na mkulima wa Magu walijiona wana mtoto wao kwenye kikosi. Halafu ikawaje? George Masatu na Hussein Masha wakaenda Simba, na mwaka 1993 Simba ikafika fainali ya Kombe la CAF. Vijana wetu tukawashangilia kwenye redio. Mwaka 2001 Pamba ikashuka, na hakuna aliyefunga duka kwa huzuni. Mapenzi tulikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa mishahara. Leo Jiji linalipa, basi timu ni ya Jiji. Liacheni lifanye kazi.

KIJANA: Shikamoo, mzee wangu. Naheshimu mvi, lakini hapo nakukatalia. Ujerumani wana kanuni wanayoiita hamsini na moja zaidi: wanachama wa klabu lazima wabaki na kura nyingi kuliko mwekezaji yeyote, hata awe na mabilioni. Kwa hiyo huwezi kuamka asubuhi ukasikia timu imeuzwa kwa tajiri wa mbali. Na matokeo tumeyaona. Msimu wa 2023/24 Bayer Leverkusen ilicheza mechi 34, ikashinda 28, ikatoka sare 6, haikufungwa hata moja. Klabu ya tangu 1904 iliyokuwa haijawahi kubeba ubingwa wa ligi. Kocha Xabi Alonso aliipa pointi 90. Hiyo ndiyo nguvu ya wanachama.

MZEE: Leverkusen?

KIJANA: Leverkusen.

MZEE: Bayer ni nini, mwanangu? Si kiwanda cha dawa? Kile cha aspirini? Hata mimi nisiye na king'amuzi najua Leverkusen na Wolfsburg waliruhusiwa kukaa nje ya kanuni yako, kwa sababu viwanda vyao vilizilea timu hizo miaka mingi kabla ya kanuni kuandikwa. Unatuletea mfano wa timu ya wanachama, kumbe umetuletea timu ya mwajiri. Mimi nasema Jiji, wewe unasema Bayer, na sote tunasema kitu kimoja.

(Hapa napuliza filimbi kidogo. Mzee amefunga bao safi na Kijana anajua. Ila bao la mapema halimalizi mechi.)

KIJANA: Sawa, umenikamata. Niache Leverkusen. Msimu huo huo, Februari 2024, wenye ligi Ujerumani walitaka kumuuzia mwekezaji kipande cha mapato ya televisheni. Mashabiki wakaanza kurusha mipira ya tenisi uwanjani. Mechi inachezwa, mipira ya njano inamwagika kutoka majukwaani, mwamuzi anasimamisha mchezo, wachezaji wanaokota kama watoto wanaookota maembe. Wiki baada ya wiki. Tarehe 21 Februari mpango ukafutwa. Nionyeshe mwaka ambao shabiki wa hapa alizuia jambo.

MZEE: Kanuni hiyo tunayo hata sisi, na yetu ni asilimia 51. Simba walipoingia kwenye mabadiliko mwaka 2017 na Mohammed Dewji akaja na bilioni 20, Serikali ilisema wazi: mwekezaji asizidi 49, wanachama wabaki na 51. Haya, wanachama wana 51. Wamezuia nini? Karatasi ya kanuni haipigi pasi, mwanangu. Na kabla ya mabadiliko hayo klabu zetu kubwa zilikuwa za wanachama mia kwa mia, na tulichokiona ni mikutano ya kupigana viti.

MAMA: Naomba na mimi niingie, maana mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kuuza kitu.

(Mama ndiye niliyemsubiri.)

MAMA: Mimi niko Mwaloni. Msimu wangu hauanzi Agosti. Msimu wangu ni giza na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kukiwa na giza: vijana wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanakusanyika, wavu unashuka. Mwezi ukipevuka, taa hazina kazi. Dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inapumzika, na vijana wanashuka mjini kutoka visiwani wakiwa na hela ya giza lililopita. Sasa aliyepanga ratiba ya ligi hajui hilo. Mechi ya Kirumba ikiangukia mbalamwezi, utaona foleni dirishani. Ikiangukia giza, mnunuzi wa tiketi yuko ziwani anaandaa taa saa 10 jioni, wakati mpira unaanza. Halafu mnasema Mwanza haipendi timu yake! Mmeshamuuliza anayeingiza hela anaingiza lini?

KIJANA: Mama, hilo sijawahi kulisikia kokote.

MAMA: Kwa sababu unaangalia Ujerumani. Sasa ngoja niwakumbushe Mbao, maana ile ndiyo timu niliyoilia. Msimu wa 2016/17. Hata ilivyopanda mnajua. Kundi lao la Daraja la Kwanza lilimalizika kwa vituko: Geita Gold ilimfunga Kanembwa JKT manane bila, Polisi Tabora ikamfunga Oljoro JKT saba bila, siku moja. Magoli kama ya watoto wa shule. TFF ikachunguza, ikawashusha wote wanne, na Mbao ikajikuta Ligi Kuu. Timu ya wauza mbao! Watu walicheka. Wakasema hawa watakaa wiki tatu.

KIJANA: Hata Ujerumani walipitia hayo. Msimu wa 1970/71 mechi za mwishoni zilinunuliwa na kuuzwa ili timu zisishuke. Aliyefichua alikuwa mwenyekiti wa Kickers Offenbach, Horst-Gregorio Canellas. Mfanyabiashara wa matunda ya kuagiza kutoka nje. Juni 1971 alialika wageni nyumbani kwake kusherehekea miaka 50, wamekaa bustanini, akawasha kinasa sauti: watu wakasikia wachezaji wakipatana bei kwenye simu. Zaidi ya wachezaji 50 waliadhibiwa.

MAMA: Muuza matunda! Unaona? Sokoni hakufichiki kitu. Basi na Mbao ilikuwa timu ya soko. Hela ilitoka kwenye mbao, kocha alikuwa Mrundi, Etienne Ndayiragije, ambaye baadaye alikuja kupewa Taifa Stars. Aprili 2017 Yanga wamekuja Kirumba, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Tumewapiga moja bila. Nilikuwa nimevaa kanga ya kijani, sitawaficha, nyumbani kwetu sote ni Yanga. Bao lilipoingia niliruka, halafu nikajiuliza naruka nini. Fainali Dodoma, Simba walitutoa jasho hadi muda wa nyongeza, wakapata penalti, Shiza Kichuya akafunga, 2-1. Lakini kabla ya fainali, siku ya mwisho ya ligi, Yanga walirudi hapa hapa Kirumba. Tukawapiga tena moja bila. Wao wamefungwa na bado ni mabingwa, kwa sababu walilingana na Simba pointi 68 wakazidi kwa magoli. Sisi tumeshinda, na kwetu kombe ni kubaki. Uwanja mmoja, timu zote mbili zinacheza ngoma. Sijaona siku nyingine kama ile.

MZEE: Na Toto African, nayo ya Mwanza, ikashuka msimu huo huo.

MAMA: Ikashuka, ndiyo. Wana Kishamapanda. Hatukuwalilia vya kutosha.

(Niongeze jambo ambalo wasemaji wangu wameliruka. Mwanza ina udugu na mji wa Würzburg, Ujerumani, tangu 1966. Msimu huo huo wa 2016/17, Würzburger Kickers nayo ilikuwa ngeni daraja la pili la Ujerumani. Ilianza kwa moto, ikafika mapumziko ya majira ya baridi na pointi 27 katika mechi 17. Mzunguko wa pili haikushinda mechi hata moja. Ikamaliza na pointi 34 na kushuka. Ikapanda tena 2020, ikashuka 2021, na 2022 ikaporomoka hadi daraja la nne. Uwanja wao ulibeba jina la kampuni ya uchapaji ya mjini humo. Ndugu zetu wale wana kanuni ya wanachama, walikuwa na kampuni ya kuwashika mkono, na bado walishuka ngazi kama tulivyoshuka sisi. Kijana asidhani Ujerumani yote ni Bayern.)

KIJANA: Basi tuje kwenye kubaki. Hamburg walikuwa na saa kubwa uwanjani iliyohesabu miaka, siku, saa na dakika walizokaa ligi kuu bila kushuka, tangu ligi ianzishwe 1963. Mei 2018 wakashuka. Unajua nini kilitokea? Walikaa daraja la pili misimu saba na uwanja ukaendelea kujaa. Misimu ya mwisho mwisho zaidi ya watu 50,000 kwa mechi, wanakwenda kuangalia daraja la pili! Wakapanda Mei 2025. Mbao na Alliance zilishuka pamoja 2020, Alliance moja kwa moja, Mbao kwa mchujo dhidi ya Ihefu. Nani alikwenda kuwaangalia mwaka uliofuata? Miaka minne Mwanza mjini hatukuwa na timu Ligi Kuu, tukawa tunangoja Geita Gold ihamishie mechi zake za Simba na Yanga hapa Kirumba ili tuone mpira. Mji wenye watu wengi hivi, tukaazima timu ya jirani.

MZEE: Hilo limeniuma, na ni kweli.

KIJANA: Mbao ni mfuko wa wafanyabiashara, Alliance ni mfuko wa shule, Pamba ni mfuko wa Jiji. Mfuko ukichoka timu inaanguka. Ndiyo maana nasema wanachama.

MZEE: Na mimi nakuuliza kuhusu msimu wa 2024/25, maana huo ndio tuliousubiri miaka 23. Mechi ya kwanza hapa, dhidi ya Tanzania Prisons, sare isiyo na magoli. Sare zikafuatana. Kocha Goran Kopunović akaondolewa Oktoba kabla hajaonja ushindi wa ligi. Kama timu ingekuwa ya wanachama, Oktoba ile tungekuwa na mkutano wa dharura, kambi mbili, na barua kwenda mahakamani. Jiji lilifanya nini? Likamleta Fred Felix Minziro, mtu aliyeipandisha Geita Gold, anayeijua Kanda ya Ziwa. Timu ikatulia. Novemba tumefungwa na Simba hapa kwa penalti moja tu ya Leonel Ateba. Yanga walitupiga tatu, nakubali. Lakini mwisho wa msimu nani alishuka? KenGold na Kagera Sugar. Kagera Sugar, wenye kiwanda cha sukari nyuma yao, waliokaa Ligi Kuu karibu miaka 20! Sisi tumebaki. Uamuzi wa haraka wa mwenye mfuko ndio uliotubakisha.

KIJANA: Kagera Sugar wenye kiwanda wameshuka. Mzee, hapo si umenisaidia mimi?

MZEE: Nimekusaidia kidogo. Usizoee.

Niseme sasa na mimi, kwa kuwa filimbi imeanza kunichosha. Naona Kijana na Mzee wote wanaangalia mlango usio wenyewe. Kijana anataka kura, Mzee anataka mishahara. Kinachowatofautisha Wajerumani na sisi kiko kabla ya hayo yote, nacho hutokea kabla msimu haujaanza. Borussia Dortmund huuza tiketi za msimu mzima zipatazo 55,000. Mtu analipia mechi zote za nyumbani wakati hajui kocha atadumu, hajui mshambuliaji atavunjika mguu, hajui kama timu itamaliza ya pili au ya kumi. Amelipa. Mvua, baridi, kipigo, kiti ni chake. Baada ya hapo ukimnyima kura atakurushia mipira ya tenisi, na ana haki. Kwanza alinunua msimu, ndipo akadai klabu.

Sisi tunanunua siku. Tunanunua siku ya Simba na siku ya Yanga. Mapato ya mlangoni ya mechi mbili yanabebeshwa miezi kumi, na mechi ya Pamba na Mashujaa Jumanne jioni inachezwa huku sauti ya kipa ikisikika hadi barabarani. Televisheni inasaidia, mkataba wa Azam wa mwaka 2021, shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umeziondolea klabu ndogo aibu nyingi. Ila hela ya televisheni inamlipa anayeonekana, haimuulizi anayeangalia. Halmashauri nayo inaishi kwa bajeti, na bajeti ina zahanati na madawati ndani yake. Diwani atakayesimama kusema hela ya timu iende kwenye vyoo vya shule sitamzomea.

MAMA: Sasa umesema, baba. Tatizo ni kwamba hakuna aliyenifuata Mwaloni kuniuzia msimu. Wanakuja na gari la matangazo siku mbili kabla ya mechi ya Simba, wanapiga kelele, wanaondoka. Mimi ninanunua dagaa kabla hawajavuliwa. Namkopesha mvuvi mafuta na betri, anakwenda ziwani, akirudi na tenga tupu tumepata hasara wote wawili, na giza linalofuata namkopesha tena. Halafu mnaniambia watu wa Mwanza hawawezi kulipia kitu wasichokiona?

MZEE: Utalipaje mechi 15 za nyumbani kwa mkupuo, mama? Soko lenyewe hili.

MAMA: Nani kasema mkupuo? Kila mbalamwezi mtu anatoa kidogo. Agosti hadi msimu uishe ni mbalamwezi kama kumi. Anayeuza samaki anatoa mbalamwezi, mwalimu anatoa mwisho wa mwezi, bodaboda anatoa kila Jumapili kwa simu. Kadi ina jina lako na namba ya kiti. Wakikosea ratiba, nampa mwanangu aende badala yangu. Na ukifika mkutano wa klabu, mwenye kadi ndiye anayeingia. Hao wa kupigana viti hawatalipa miezi kumi kwa ajili ya kupigana siku moja.

KIJANA: Na uwanja? Viti vya Kirumba vingine havina namba, na mwenye uwanja si mwenye timu.

MAMA: Namba ni rangi na brashi. Chama kinapenda kuonekana kimefanya kitu, kiombwe. Ilemela nao wachangie, timu inacheza kwao, vumbi la magari linaanguka kwao, mama ntilie wanaouza siku ya mechi ni wa kwao.

MZEE: Nikikuelewa, unataka Jiji libaki linalipa, na wenye kadi wawe na sauti?

MAMA: Nataka Jiji lilipe hadi wenye kadi watoshe. Mtoto hanyonyi hadi darasa la saba.

KIJANA: Mimi naweka jina langu. Niandikeni wa kwanza.

MAMA: Subiri, mwanangu. Hiyo jezi nyekundu uliyovaa ndani ya shati naiona tangu tumeanza. Siku Simba wakija Kirumba, utakaa wapi?

KIJANA: Mama...

MAMA: Nimekuuliza kiti.

KIJANA: Hiyo mechi moja itolewe kwenye kadi yangu. Nitalipia 14.

MZEE: Niuzie mimi hiyo ya 15. Nina mjukuu Kawekamo, hana timu bado.